Pilipili, pilipili, pilipili, karanga

Albamu ya Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi wa Marekani, iliyotolewa na Warner Bros. mwaka 1971 inaitwa Mwandishi. Jina hilo hatukulitafsiri sisi. Ndivyo lilivyochapwa kwenye jalada, na kila mmoja wa kundi lake alikuwa na jina lake la Kiswahili. Hata hivyo, katika bendi za Arusha, za hotelini kwa watalii na za baa za Sakina na Kijenge, ni rahisi kumpata mtu anayeijua Head Hunters, albamu yake ya 1973, kwa kichwa kuliko aliyewahi kuifungua hii yenye jina la kwao. Naona chanzo ni wimbo wake wa kwanza, Ostinato. Unahesabiwa mapigo 15, na mtu akiutikisia kichwa kama alivyozoea, mzunguko wa pili tu kichwa kimeshapotea.

Makala hii ni ya wapigaji wanaotaka kuupiga wimbo huo. Lakini nianze na majina, maana msomaji wa Kiswahili hawezi kuyapita kimya.

Aliyeyaleta ni James Mtume, mpiga tumba, mtoto wa mpuliza saksafoni Jimmy Heath na mfuasi wa Maulana Karenga, yule mwanzilishi wa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi. (Mtume! Hapa kwetu hata mzazi jasiri asingethubutu.) Mwaka 1969 baba yake mdogo, mpiga drams Albert Heath, alirekodi albamu iitwayo Kawaida, na humo tayari Hancock ni Mwandishi na mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji. Kundi la watu sita la Hancock lilipokamilika mwaka 1970, waliobaki nao wakapata yao: Billy Hart wa drams akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, Bennie Maupin wa klarineti besi akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto.

Tuyasahihishe kidogo kwa upendo. Hancock walimkusudia mtunzi. Kwetu mwandishi ni wa vitabu au wa habari. Mchezaji ni kosa tamu zaidi, kwa sababu Kiingereza hucheza piano na mpira kwa kitenzi kimoja, ila Kiswahili ala hupigwa au hupulizwa. Mchezaji wa Arusha utampata uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mwile ni mwili uliokosewa herufi moja. Pepo Mtoto lilikusudiwa liwe jina la heri, lakini mama wa Moshi akilisikia atamtafuta mchungaji kabla ya kutafuta tiketi. Jabali halina dosari, maana hata Marijani Rajabu aliitwa Jabali la Muziki. Na Mganga limempata mwenyewe: Henderson alikuwa daktari kweli, aliyesomea udaktari na kutibu wagonjwa huku akipuliza tarumbeta. Kwa cheo hicho hapa angekaa ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, si kilingeni.

Mwaka huohuo 1970, mjini hapa palikuwa na Arusha Jazz, bendi ya ndugu wa kina Kinyonga kutoka Tanga, kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Wao walijiita jazz bila kupiga jazi. Wenzao wa Marekani walijiita kwa Kiswahili bila kukisema. Sare.

Kurekodi kulifanyika studio ya Wally Heider, San Francisco, mwishoni mwa 1970, mtayarishaji akiwa David Rubinson. Vipande ni vitatu tu: Ostinato (Suite for Angela), dakika 13 na ushee, You'll Know When You Get There, dakika 10 na ushee, na Wandering Spirit Song ya Priester, inayopita dakika 21 na kuula upande wote wa pili wa sahani. Angela ni Angela Davis, aliyekamatwa Oktoba 1970 na kuachiwa huru na baraza la mahakama Juni 1972. Yaani wakati wimbo unarekodiwa, aliyetungiwa yuko ndani.

Kwenye Ostinato lile kundi la sita liliongezwa watu watatu: mpiga gitaa Ronnie Montrose, mpiga tumba na timbale José Areas wa Santana, na mpiga drams wa pili, Leon Chancler, kijana wa miaka 18 aliyeitwa Ndugu. Jina hilo, katika Tanzania ya miaka ile baada ya Azimio la Arusha, lilimfaa kila mtu kuanzia rais hadi mfagiaji. Huyo Ndugu ndiye aliyekuja kupiga drams za Billie Jean ya Michael Jackson, kwa hiyo mkono wake umeshausikia hata kama albamu hii huijui.

Sasa kazi. Ostinato ni kipande kifupi kinachorudiwa bila kubadilika, na hapa kimebebwa na besi. Mzunguko mmoja una mapigo madogo 15. Rahisi kuyagawa 4, 4, 4 na 3. Yaani chukua pau mbili za kawaida zenye mapigo madogo 8 kila moja, kisha ya pili uikate pigo lake la mwisho. Hilo pigo lililokatwa ndiyo habari yote ya wimbo. Ukilirudisha unabaki na mdundo wa kawaida ambao bendi yoyote ya harusi inaupiga. Ukilikata sawasawa, kila mzunguko unaanza mapema kidogo kuliko mwili ulivyotarajia, na wimbo unakusukuma mbele kwa dakika zote 13.

Usihesabu kwa namba. "Moja" ina silabi mbili, "kumi na tano" ina tano, ulimi utabaki nyuma ya vidole. Tumia bidhaa za sokoni: pi-li-pi-li ina silabi 4, ka-ra-nga ina 3. Pilipili, pilipili, pilipili, karanga: 15 kamili, kila silabi pigo moja dogo, na mara tu baada ya "nga" inaingia "pi" bila kuvuta pumzi. Tatizo ni moja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiyasema kama unavyoongea utasikika "pili-PI-li, ka-RA-nga", na mpiga drams ataweka mkazo pasipotakiwa. Yaseme vibaya kwa makusudi: PI-li-pi-li, KA-ra-nga. Yasikike kama Kiswahili cha mtalii wa siku ya pili. Hapo ndipo yanakuwa sahihi.

Mazoezi ya kwanza yafanyike bila ala. Kaeni duara, semeni maneno hayo dakika 10, kofi moja kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Makofi manne kwa mzunguko, la mwisho likifuatwa haraka na la kwanza. Mguu utulie kabisa. Mguu uliozoea kupiga kila baada ya mapigo madogo mawili utaanguka vizuri mzunguko wa kwanza, halafu mzunguko wa pili utaanza mguu ukiwa hewani, kwa sababu 15 haigawanyiki kwa 2. Hapo mtu hudhani amekosea, anaongeza pigo la 16 "kusawazisha", na kila kitu kinaharibika. Hakuwa amekosea. Angevumilia mzunguko mmoja zaidi, mguu ungerudi wenyewe, kwani mizunguko miwili ni mapigo 30.

Mtego huohuo uko kwenye metronomu ya simu. Ukiiweka 120 huku kila mlio ukiwa mapigo madogo mawili, itakupinga kila mzunguko wa pili. Iweke 240, mlio mmoja kwa kila pigo dogo, na uizimie ile kengele ya mwanzo wa pau, au uiambie pau ni 15 kama programu inakubali. Kwa mwendo huo pigo dogo ni milisekunde 250, mzunguko ni sekunde 3.75, na dakika 13 ni mizunguko 208. Anzeni chini zaidi, 160, mpaka mpiga besi aweze kujibu swali dogo huku anapiga. Akishindwa kujibu "umekula?", bado anahesabu kwa kichwa, hajaingiza vidoleni.

Huyo mpiga besi ndiye atakayepata taabu kuliko wote. Aliyekulia kwenye rumba na sebene amefundishwa kujaza nafasi, na nafasi inayomvutia ni palepale kwenye karanga, mwisho wa mzunguko. Kila akipamba hapo, pambo humeza pigo moja au huongeza moja. Kwa mizunguko 50 ya kwanza asipambe kabisa. Na asipige kwa nguvu: mizunguko 208 ya kubana nyuzi nne huchosha mkono kabla ya dakika ya nane, na mkono uliochoka hukimbia. Apandishe amplifaya, ashushe vidole.

Kusikiliza rekodi kunataka uangalifu wa aina hiyohiyo. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutoa mtetemo wa 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kuutoa. Mtu anayejifunza Ostinato kwa spika ya simu anajifunza wimbo uliong'olewa msingi. Vaa hedifoni za waya, au mwombe dereva wa kifodi (daladala) chenye spika chini ya siti akupe dakika 13. Programu za kupunguza mwendo bila kushusha funguo ziko nyingi; asilimia 70 inatosha, chini ya hapo besi inaanza kugugumia.

Wenye sahani na pleya ya zamani kutoka Marekani wajue jambo hili. Pleya nyingi za zamani zina mota inayofuata mtetemo wa umeme. Marekani ni 60 kwa sekunde, Tanzania ni 50. Transfoma ya kushusha 230 hadi 120 itaiokoa mota isiungue, ila haibadilishi mtetemo. Sahani itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, muziki utashuka karibu nusu-sauti tatu na kitu, na wimbo wa dakika 13 utafika karibu 16. Mpiga kinanda akinakili kodi zake hapo (nota zinazolia pamoja, si zile za TRA) atakuja mazoezini na funguo ambayo mwenzake aliyesikiliza kwa intaneti haitambui, wagombane bure. Kabla ya kunakili chochote, pima kwa saa.

Kinanda cha Hancock kwenye albamu hii ni Fender Rhodes. Ndani yake nyundo ndogo inagonga kijiti cha chuma, na kifaa cha sumaku kilichokaa karibu kinaunyaka mtetemo kama cha gitaa la umeme. Ndiyo maana ukigusa polepole hulia kama kengele, ukikandamiza hukoroma. Vinanda vya kanisani na vya harusini vina sauti inayoitwa E. Piano, na mara nyingi mojawapo kwenye orodha ni ya aina iliyokuja miaka ya 80, nyembamba na ya kioo. Ipite. Tafuta yenye neno Suitcase, Stage au Vintage, punguza sauti za juu, weka mguso wa kibodi kwenye kiwango kinachotofautisha sana kidole laini na kizito.

Ile hali ya sauti kuhama kushoto na kulia ni tamu kwenye hedifoni na ni balaa baa. Spika nyingi za baa zimeungwa kama moja. Ukitoa waya wa kushoto peke yake bila kinanda chako kuchanganya pande mbili, sauti itakuwa inakuja na kupotea kama redio ya betri zilizokwisha. Ukitoa zote mbili zikachanganywa kwenye mikseri, mhamo unajifuta wenyewe. Zima kabisa mhamo huo, tumia ule wa sauti kupanda na kushuka, kina chake kisizidi theluthi moja.

Mwangwi nao una hesabu. Kwa pigo dogo la milisekunde 250, wengi huweka mwangwi wa 500. Hiyo ni mapigo mawili, na tumeshaona mawili hayaingii kwenye 15. Mwangwi utaanza kumdanganya mpiga drams. Weka 750, mapigo matatu, ambayo yanaingia mara tano bila kubaki. Kurudi kuwe mara mbili au tatu, na kanyagio la kuvuta sauti liachwe. Kanyagio na mwangwi kwa pamoja hutengeneza uji. Mkono wa kushoto wa kinanda pia upumzike, chini pana mwenyewe.

Tarumbeta na tromboni hapa si tatizo, na ndiyo sababu naona Kaskazini tuna nafasi kuliko mikoa mingi. Vikundi vya matarumbeta vya Kanisa la Kilutheri (KKKT), Arusha mjini na sharika za mlimani Machame na Marangu, vina wapulizaji wanaosoma nota na wenye pumzi. Wamezoea tenzi za sauti nne, wanapumua mwisho wa mstari. Kwenye mzunguko wa 15, mwisho wa mstari ndipo pigo lilipokatwa, kwa hiyo akipumua kwa mazoea anachelewa kuingia. Mwandikie alama ya pumzi baada ya pilipili ya pili. Ni kazi ya kalamu ya risasi na dakika mbili, na inaokoa mazoezi ya wiki.

Klarineti besi hutaipata kirahisi. Maupin, aliyekuwa ameshaipuliza kwenye Bitches Brew ya Miles Davis mwaka 1969, ndiye anayeifanya albamu hii iwe na harufu ya msitu. Saksafoni ya aina ya tena (tenor) ni badala nzuri, kwa sababu nota za klarineti besi zilizoandikwa kwa ufunguo wa juu zinasomwa na mpulizaji wa tena bila kubadilisha kitu. Inakosa nusu-sauti saba au zaidi za chini kabisa. Zile sehemu mpe mpulizaji wa besi wa kanisani, apulize chini sana. Filimbi ya alto ya Maupin iachwe tu. Filimbi ya kawaida iko juu yake kwa nusu-sauti tano na inatoboa.

Drams mbili? Baa ina seti moja, tena sahani yake imepasuka. Jabali wa kwenu akae kwenye seti, Ndugu apewe tumba na kayamba. Wagawane kazi: kayamba lisiache pilipili na karanga hata nyumba ikiungua, na mwenye seti awe huru kupita juu ya mistari, hata akipiga sahani kila mapigo mawili mpaka irudi baada ya mizunguko miwili. Asichoruhusiwa ni kugonga sahani kubwa kila mwanzo wa mzunguko. Kufanya hivyo ni kumwonyesha msikilizaji mshono wa nguo.

Upande wa pili wa albamu sishauri kuupiga hadharani mpaka kundi limekaa pamoja muda mrefu. Wandering Spirit Song huanza kwa utulivu, ikavunjika katikati kila mtu akisema lake, kisha ikarudi. Katikati hapo bendi changa hupiga kelele, na wateja huita bili. You'll Know When You Get There ni nyepesi zaidi kwa nota na ngumu kwa subira. Mpeni mpuliza tarumbeta nafasi na wengine mnyamaze zaidi ya mnavyoona ni adabu.

Yaliyofuata yanajulikana. Crossings ilitoka 1972, Patrick Gleeson akiongeza sintesaiza. Sextant ikaja 1973 chini ya Columbia. Kundi likawa zito kulisafirisha, watu na mitambo, mapato hayatoshi, likavunjwa. Kwenye Head Hunters mwaka huohuo Hancock alibaki na Maupin peke yake, na mdundo ukawa wa kuchezeka.

Limebaki la kumaliza wimbo, na ndipo bendi nyingi huumbuka. Ostinato haina kituo kilichoandikwa ambacho kila mtu atakiona kinakuja. Msikubaliane "tutasikilizana". Mpiga kinanda ainue mkono wa kushoto, ambao tumeshasema hauna kazi, mwanzoni mwa mzunguko. Baada ya hapo hesabuni mizunguko minne: wa kwanza wapulizaji wanaacha, wa pili drams zinaacha, wa tatu kinanda kinaacha na mwangwi unaisha wenyewe. Wa nne ni besi na kayamba. Wanakoma kwenye silabi "ka", si kwenye "nga".